Nahamia Mtwara na familia, mi kazi Mitengo mume bandarini, tupange wapi?

nesi_wa_Dodoma

Habari zenu wana Mtwara, shikamooni wakubwa. Naombeni mawazo maana nimeangalia picha za nyumba kwenye simu mpaka sasa naona zote sawa.

Mi ni nesi, nimepata uhamisho natoka Dodoma nakuja hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo, natakiwa kuripoti mwezi wa nane. Mume wangu ameshatangulia, anafanya kazi bandarini, kapanga chumba kimoja Magomeni kwa vile alikuwa peke yake. Sasa tunakuja wote, mi, watoto wawili na mama mkwe. Wa kwanza yuko darasa la tatu, wa pili ana miaka minne na ana pumu, sio kila siku ila ikimshika inamshika usiku. Mama mkwe miguu inamsumbua, na ndo atakuwa anashinda na huyo mdogo.

Bajeti ni laki mbili kwa mwezi, tukijibana kabisa laki mbili na nusu. Dalali amemuonyesha mume wangu tatu. Moja iko Shangani, vyumba viwili, upepo wa bahari unaingia mpaka ndani, 250,000. Ya pili iko Mitengo, nyumba nzima vyumba vitatu, master, fensi, uwanja mkubwa watoto wanacheza, nyuma ya ukuta kuna mikorosho mpaka unachoka kuangalia, 180,000. Ya tatu iko Ligula sio mbali na hospitali ya mkoa, vyumba viwili na sebule, haina fensi, mwenye nyumba anaishi uani, 200,000.

Mi moyo uko Mitengo, nyumba kubwa, bei nafuu, kazini naweza hata kutembea. Mume anataka Shangani kwa sababu ya bandari. Yeye anasema mjini ndo kila kitu kipo, mi nasema nikitoka zamu ya usiku nimechoka sitaki kuanza kugombania hiace. Nyie mnaoishi huko mnaonaje, na kuna kitu gani hatujakiona?

Baba Wanne

Karibu sana Mtwara dada. Mi niko Shangani miaka mingi, watoto wangu wote wamekulia hapa. Ni pazuri kweli, kumetulia, joto la mwezi wa kumi na mbili linavumilika kwa ule upepo, na mzee akiwa bandarini anafika haraka. Ila 250 kwa vyumba viwili watu watano mtabanana, bibi atalala wapi? Na ukiweka chuma karibu na bahari kinaliwa na chumvi, friji, mabati, baiskeli za watoto, vyote hivyo uvihesabu. Kwa mshahara wa watu wawili wenye watoto wadogo mi ningetafuta vyumba vitatu.

Mwana_Mikindani

Dada karibu nyumbani. Mi mzaliwa wa Mikindani na nasema hivi, watu wa mjini wakisikia Mitengo au Mikindani wanaongea kama vile ni safari ya siku mbili, wakati ni kilomita kama kumi tu na lami tupu, hiace zinapita kutwa.

Sasa angalia hesabu yako vizuri. Katika nyie wawili mwenye saa ngumu ni nani? Ni wewe. Mumeo anaondoka asubuhi kumeshakucha watu wamejaa barabarani, anarudi jioni na wenzake. Wewe una zamu ya usiku, kuna siku unaingia saa ambayo hiace zimeshapungua na kuna siku unatoka umesimama usiku mzima. Kanuni yangu mi ni hiyo, nyumba inafuata yule mwenye saa ngumu, yule mwenye saa rahisi ndo anapanda gari. Ukikaa mjini ukawa unategemea bajaji ya kukodi kila zamu ya usiku, tuseme tu elfu tano kwenda, zidisha na zamu zako za mwezi uone inavyopanda juu ya kodi ambayo mjini tayari ni kubwa.

Kuhusu Mikindani yenyewe watu hawajui, ule ni mji wa zamani, boma la Mjerumani liko pale tangu 1895, watu wanajuana, mtoto akipotea njia anarudishwa nyumbani na mtu asiyekujua wewe ila anamjua jirani yako. Samaki unanunua kwa mvuvi mwenyewe. Kasoro zipo, ghuba iko karibu kwa hiyo watoto wa kiume wanapenda kuteremka majini, lazima uwe mkali, na sehemu za mlimani zina miinuko ambayo bibi hataiweza, tafuta tambarare. Ila Mitengo sio mlima kihivyo, angalia huko.

korosho_safi

Naomba hapo kwenye mikorosho nyuma ya ukuta msipapite haraka jamani. Nimesoma nikashtuka, mtoto ana pumu halafu nyumba imepakana na shamba la mikorosho, na hamna aliyemwambia huyu dada.

Dada wewe unatoka Dodoma huenda hujui. Huku kusini kuanzia kama mwezi wa tano au wa sita mpaka wa tisa hivi, wakulima wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Ni unga mkavu, wanapuliza na mashine ya kubeba mgongoni, na wanapuliza alfajiri wakati majani yana umande ili unga ushike. Unatoka kama wingu la njano na wingu halijui fensi ya mtu. Ukiwa jirani macho yanawasha na koo linakereketa hata wewe mzima, sasa mtoto mwenye kifua inakuwaje? Wewe nesi unalijua hilo kuliko mi.

Na angalia miezi. Wewe unaripoti mwezi wa nane, yaani unaingia katikati ya salfa. Dalali alimpeleka mumeo saa ngapi? Naweka dau alimpeleka mchana au jioni, saa hizo hewa safi unaona tu kijani na kivuli. Nenda alfajiri ya saa kumi na moja na nusu usimame pale uwanjani.

Sisemi usikae Mitengo. Nasema sio ile nyumba. Tafuta palipojengeka, nyumba imezungukwa na nyumba. Mi mwenyewe ni mkulima wa korosho na salfa napuliza, siwezi kuacha maana bila salfa hakuna korosho, ndo maana nakuambia kabla hujalipa. Jirani yangu mmoja alikuwa na mtoto wa hivyo, ilibidi wahame kodi ya miezi minne ikiwa bado haijaisha na mwenye nyumba hakurudisha hata mia.

mwl_wa_msingi

Nimependa swali hili kwa sababu wazazi wengi wanapanga nyumba kwanza halafu ndo wanakuja shuleni kuuliza nafasi.

Dada anza na shule ya huyu wa darasa la tatu. Mwakani ni darasa la nne, ana upimaji wa taifa, huo sio mwaka wa kumhamisha tena. Kwa hiyo nyumba mtakayochukua sasa iwe ya kukaa angalau mpaka apite hapo. Uhamisho wenyewe sio mgumu, shule ya huko Dodoma inabidi imtoe na ya huku impokee, beba namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, na cheti cha kuzaliwa, ila ongea na mwalimu mkuu wa shule ya huku kwanza kabla hujafunga mizigo. Na ukija mwezi wa nane muhula unakuwa umeshaanza, mlete aanze mara moja.

Jambo la pili ni barabara. Hiyo lami ya Mikindani anayoisifia ndugu yangu hapo juu ndo hiyo hiyo ya Lindi na Masasi. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanapita hapo kwenda bandarini, ya saruji yanapita hapo, na msimu wa korosho ukifunguka ndo usiseme. Mtoto wa miaka tisa kuvuka pale peke yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi mi kama mwalimu sikubali. Ukichukua nyumba upande huo hakikisha nyumba na shule viko upande mmoja wa barabara. Hiki kitu dalali hawezi kukuambia kwa sababu yeye anapima umbali wa nyumba mpaka lami, hapimi lami mpaka shule.

Na tembea hiyo njia na mtoto mwenyewe siku ya shule, sio Jumapili.

Baba Wanne

Mwana Mikindani nimekusoma vizuri na hoja yako ya saa ngumu nimeipenda, ila kuna kitu umekichukulia kama kimeshathibitishwa na mi sidhani. Umesema baba anaondoka kumekucha anarudi jioni. Bandari ya Mtwara sio ile ya zamani. Tangu gati jipya likamilike meli zimeongezeka, makaa ya mawe yanapakiwa, na korosho siku hizi zinaondokea hapa hapa, meli ikishafunga gati kazi ni usiku na mchana kwa sababu meli kukaa tu ni hela.

Dada mumeo yuko ofisini au yuko kwenye shughuli za meli zenyewe?

nesi_wa_Dodoma

Asanteni sana, mmenifungua macho, hiyo salfa sikuijua kabisa na mume wangu nimempigia anasema kweli alipelekwa saa tisa alasiri. Ile nyumba tumeifuta.

Baba Wanne shikamoo, yuko kwenye shughuli za meli. Miezi mingine anaingia asubuhi ila kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa kwanza anasema mwaka jana alikuwa na zamu za usiku nyingi. Hilo sikuwa nimelifikiria kwenye nyumba kabisa.

Baba Wanne

Marahaba binti yangu. Basi swali lenu limebadilika. Msiulizane nani anakwenda kazini kwa shida. Jiulizeni ule usiku ambao wewe uko wodini, mumeo yuko melini, na pale nyumbani yuko bibi mwenye miguu mibovu na mtoto kifua kimebana saa nane za usiku. Usiku huo utakuwepo, na kuanzia mwezi wa kumi utakuwepo mara nyingi. Bibi anamgongea nani? Anatoka na nini? Anafika wapi?

Mkipata nyumba inayojibu hayo matatu, hayo mengine ya nauli na upepo wa bahari mtayabeba. Kwa mtazamo huo ile ya Ligula ambayo wote mmeiruka kwa sababu haina fensi ndo inakuwa na maana. Mwenye nyumba anaishi uani, hilo wengi wanaliona kero, mi naona ni mtu wa kugongewa. Hospitali ya mkoa iko jirani. Bajaji mjini hata usiku mtu ukimpigia anakuja.

Mwana_Mikindani

Mzee wangu hapo umenibana na nakubali, zamu za bandari sikuziuliza. Ila usimfungie dada Mitengo kwa sababu hiyo. Akikaa karibu na hospitali ya kanda, usiku huo unaousema bibi anamleta mtoto pale pale mama yake alipo. Kuna hospitali gani nzuri kwa mtoto mgonjwa kuliko ile ambayo mama yake yuko zamu? Suala ni majirani na usafiri wa usiku. Majirani nakuhakikishia wapo. Bajaji usiku wa manane ni kweli ni chache kuliko mjini, inabidi uwe na namba ya mtu wako wa bodaboda au bajaji anayelala mtaa huo huo, mlipe vizuri mchana ili usiku asisite kuamka.

Dada Nuru

Mi naongea kama mtu niliyelea watoto na mama mkwe nyumba moja. Huyu bibi ameulizwa? Nimesoma mwanzo mpaka mwisho naona mume anataka Shangani, mke anataka Mitengo, wanaume wanabishana hospitali, na mtu ambaye atakuwa ndani ya hiyo nyumba asubuhi mpaka usiku hana sauti.

Choo kikoje? Kama ni cha kuchuchumaa kwa miguu yake atateseka, na kama kiko nje ndo kabisa, usiku atajizuia asinywe maji ili asitoke, nimeyaona hayo. Jiko liko ndani? Bomba liko ndani au anabeba ndoo? Msikiti au kanisa lake anafika kwa mguu? Kuna mtu wa rika lake hapo jirani wa kukaa naye barazani jioni? Mzee akihamishwa kutoka kwao akafungiwa kwenye nyumba nzuri yenye fensi ndefu haoni mtu, anakwisha. Nyumba isiyo na fensi ila ina baraza na majirani kwa bibi ni bora mara mia. Mchukueni aone kwa macho yake kabla ya kulipa.

dalali_mkongwe

Salamu wadau. Mi ni dalali hapa Manispaa muda mrefu, nisiposema haya nitajisikia vibaya.

Dada andaa hela ya kuingilia na sio ya kodi tu. Wenye nyumba wengi huku wanataka miezi sita, wengine mwaka. Ya laki mbili kwa miezi sita ni milioni moja na laki mbili, weka mwezi mmoja wa dalali inakuwa milioni moja na laki nne, hapo hujanunua hata pazia. Kama uhamisho uliomba mwenyewe kumfuata mwenza serikali haikulipi hela ya uhamisho, kwa hiyo usiiweke kwenye bajeti. Mwenye nyumba unaweza kumuomba miezi mitatu ya kwanza kwa vile ni mtumishi mwenye ajira ya kudumu, wapo wanaokubali, jaribu, kuomba sio dhambi.

Kuhusu umeme uliza luku ni yako peke yako au mnachangia na uani. Hiyo ya Ligula mwenye nyumba anaishi hapo hapo, hakikisha una mita yako. Mkichangia luku na mtu mwenye friji la biashara mtagombana ndani ya mwezi. Halafu kuna kodi ya jengo, tangu 2021 inakatwa kwenye luku ukinunua umeme, kwa nyumba ya kawaida sasa ni 1,500 kwa mwezi. Mlipaji kisheria ni mwenye jengo, kwa hiyo muandikishiane kwenye mkataba kwamba anakupunguzia kwenye kodi, elfu kumi na nane kwa mwaka ni hela. Na kama kiwanja kina mita mbili isikatwe kwenye zote.

Maji je? Usiulize kama bomba lipo, uliza yanatoka siku zipi na mara ya mwisho yalitoka lini, na usimuulize mwenye nyumba, muulize mpangaji wa nyumba ya jirani. Kama ni kisima onja, visima vya kuelekea baharini vingine maji yake yana chumvi, ya kufulia sawa ila chai haiendi.

Kingine ni mvua. Sasa hivi ni kiangazi kila nyumba ni kavu. Mvua zetu zinaanza kama Novemba Desemba mpaka Aprili, na mji huu una mabonde, waulize watu wa Kiyangu wakuambie. Angalia kuta kwa chini, ukiona rangi mpya imepakwa futi mbili tu kutoka sakafuni na juu ni rangi ya zamani, hapo maji huwa yanaingia. Zungukia nyuma uone maji ya barabarani yanaelekea wapi.

Mkataba uwe wa maandishi, nenda nao kwa mwenyekiti wa mtaa mgongewe mhuri, na hakikisha anayesaini ndo mwenye nyumba. Kuna nyumba za urithi huku, kaka anapangisha, dada anakuja baada ya miezi miwili anasema na mi nina haki. Mwenyekiti wa mtaa anazijua hizo zote, muulize kabla.

korosho_safi

Dalali umesema kweli tupu Mungu akubariki. Naongezea moja kuhusu kelele kwa vile mtu anayetoka zamu ya usiku analala mchana. Ulizia kama jirani kuna ukumbi wa sherehe, mashine ya kusaga, au gereji. Na msimu wa jando na unyago ngoma zinakesha, hiyo ni mila yetu na ni furaha yetu, haikwepeki popote huku kusini, ila sio kila siku.

nesi_wa_Dodoma

Jamani nashindwa hata nianze wapi kushukuru. Dada Nuru hilo la bibi limeniingia sana, ni kweli hatukumuuliza. Nimemuuliza jana usiku. Amesema yeye hataki fensi, anataka kuona watu wanapita, na choo kiwe cha kukaa, basi, hayo mengine tuamue sisi.

Tutaenda wote mwisho wa mwezi. Tutaona ile ya Ligula, na mume wangu ameongea na mwenyekiti wa mtaa mmoja Mitengo amtafutie nyumba za katikati ya makazi, upande ule ule wa shule. Mwalimu hiyo ya kuvuka barabara tumeiandika ya kwanza kabisa.

mwl_wa_msingi

Vizuri sana. Mkifika pitieni shuleni hata kama bado hamjaamua nyumba, mwalimu mkuu akishamuona mtoto na mzazi ni rahisi zaidi kuliko simu.

nesi_wa_Dodoma

Narudi kuwapa mrejesho maana mlinisaidia kama ndugu.

Ligula tuliipenda, mwenye nyumba ni mama mtu mzima mkarimu mno, bibi na yeye walikaa wakaanza kuongea kama wanajuana, mi nikajua hapa ndo tumefika. Ila choo ni cha nje tena cha kuchuchumaa, na luku ni moja kwa nyumba zote mbili. Tulimuomba aweke choo cha ndani hata kwa kukata kwenye kodi akasema mwaka huu hawezi. Tukaondoka kwa shida.

Mitengo tumepata ya vyumba vitatu, ndogo ndogo lakini vitatu, laki moja na tisini, imezungukwa na nyumba pande zote, mikorosho ya karibu ni miwili mitatu tu ya mtu uani kwake na tumemuuliza anasema hapulizi, ni ya kivuli na kula. Nilisimama pale alfajiri kama nilivyoambiwa, hewa iko safi. Choo cha kukaa, ndani. Shule upande huo huo, hakuna kuvuka lami. Baraza ipo inaangalia njia. Nyumba ya pili kutoka hapo kuna kijana wa bajaji anaishi na mama yake, tumeshaongea naye na namba yake bibi kaandikiwa kwenye karatasi kubwa ukutani. Mama yake huyo kijana amesema usiku bibi agonge tu. Mume wangu ndo atakayepanda hiace kwenda bandarini, na miezi ya zamu za usiku kuna wenzake watatu wanaoishi Mikindani wanachangia bajaji, ameshaingia kwenye hilo kundi. Mwenye nyumba alitaka mwaka, tukamlilia akakubali miezi sita, kodi ya jengo imeingia kwenye mkataba.

Shida iliyobaki ni maji. Bomba lipo ila jirani anasema hayatoki kila siku, na nyumba haina tanki. Mwenye nyumba anasema tukinunua tanki ni letu tutaondoka nalo. Watu watano tuchukue la ukubwa gani, la lita elfu moja linatosha?

dalali_mkongwe

Hongera dada, hapo mmepanga kwa akili. Elfu moja ni dogo kwenu. Watu watano, kuna mgonjwa, kuna sare za kazi za kufua kila siku, mnatumia lita mia mbili hadi mia tatu kwa siku kirahisi, kwa hiyo elfu moja ni siku tatu mpaka tano tu. Chukua la elfu mbili kama hela inaruhusu. Na sehemu ya kuliweka ijengwe kwa tofali na iwe sawasawa, usiliweke juu ya mchanga wala juu ya mbao, likijaa ni tani mbili zile na watoto wanacheza hapo chini. Muombe mwenye nyumba agharamie huo msingi kwa vile wenyewe unabaki kwake, na uandikwe kwenye mkataba.

Dada Nuru

Na mfuniko uwe unafunga vizuri, mbu wa huku hawana mchezo. Bibi apewe chandarua chake mwenyewe, asichangie na mtoto.